Jana Usiku Ulilala?

Alifika kwenye dirisha langu la kutolea dawa hospitalini saa tatu kasorobo asubuhi, Jumanne, ukungu bado umelala barabarani na malori ya kwenda Tunduma yanapita taa zikiwaka. Kitenge kichwani, kitenge kiunoni, na juu yake sweta ya kiume iliyomzidi mabega. Mkononi alishika chupa ya plastiki ambayo niliitambua kabla ya kuitambua sura yake, kwa sababu karatasi iliyobandikwa ubavuni ilikuwa na mwandiko wangu: morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, jina la baba yake, kipimo, kila baada ya saa nne, ya wakati wa kulala mara mbili.

"Kamwene, dokta."

"Kamwene, dada. Mzee anaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu."

Chupa ilikuwa tupu, imeoshwa vizuri, imekaushwa.

Cheti alichonipa kilikuwa na vitu viwili: panadoli na diklofenaki. Vidonge. Nikakigeuza, labda daktari ameandika nyuma. Hakuna kitu. Mzee ana saratani ya umio. Siku hizo hata uji mzito ulikuwa haupiti, na vidonge vile sikuelewa angevimeza vipi.

"Amekuandikia daktari yule yule wa siku zote?"

"Yule yule. Amesema ile ya chupa tupumzike nayo kwanza."

Nilitoka kumtafuta daktari. Nikaambiwa yuko chumba cha upasuaji na mama aliyeshindwa kujifungua, hatoki karibuni. Gari la kijijini kwa yule dada huondoka stendi saa sita. Likikuacha, unalala mjini kwa gharama zako. Bila cheti siwezi kufungua kabati la DDA, lile la dawa zinazodhibitiwa kisheria, na sitaki siku moja niweze. Nikambadilishia vidonge vya panadoli kwa panadoli ya maji, nikamwambia nitampigia simu. Alipokea kwa mikono miwili, akairudisha ile chupa tupu kwenye mfuko wake kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu chenye kazi.

Hatua kumi kutoka pale, kwenye ukuta wa chumba cha kikao cha asubuhi, ilikuwa imebandikwa grafu yangu.

Wiki saba zimepita na bado naiona ile chupa.

## Nguzo tisa

Niliichora mwenyewe, kutoka kitabu cha DDA na vyeti vya miezi mitatu. Hospitali yetu ina watu tisa wanaoandika dawa za maumivu za jamii ya afyuni, zile tunazoziita opioidi. Kila mmoja nilimpa nguzo yake kwa herufi, A mpaka I, bila jina. Nikajumlisha morfini, pethidini na tramadoli kwa kuzigeuza zote kuwa kipimo kimoja cha morfini, kama vitabu vinavyoelekeza, kisha nikapiga mstari mwekundu wa wastani. Chini nikaandika: "Je, wewe uko wapi?"

Mahali penye watu tisa, herufi ni pazia la chandarua. Chai ya saa nne haijaisha, kila mtu alishajua nani ni nani.

Nguzo C ilikuwa karibu mara tatu ya mstari mwekundu. C ni daktari wa wodi ya wanaume, mkubwa kwangu kwa umri na kwa kazi. Ndiye anayewapokea wagonjwa wanaorudi kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wakiwa wameambiwa wakatunzwe nyumbani. Jambo hilo nilikuwa nalijua. Nililijua wakati nachora, na nikaendelea kuchora.

Watu walicheka kidogo, wakampiga bega. "C bwana, C!" Naye alicheka. Nikaenda nyumbani siku ile nikidhani nimefanya kazi nzuri.

## Kijana wa mbao

Sikuanza kwa kutaka kumwumbua mtu. Nilianza kwa sababu ya kijana wa miaka ishirini na kitu anayefanya kazi kwenye viwanda vya mbao upande wa Mafinga. Alianguka akiwa amebeba mbao, akavunjika mtulinga. Tabibu wetu, kijana mwenzangu makini na mpole kwa wagonjwa, alimfunga mkono vizuri, akamwandikia tramadoli miligramu 100 mara tatu kwa siku, siku kumi.

Hakuna aliyeuliza kwa nini alianguka.

Alianguka kwa sababu ana kifafa. Tramadoli hushusha kizuizi cha ubongo dhidi ya degedege. Kwa mtu mwenye kifafa ni kama kumwaga petroli karibu na jiko. Usiku wa tatu ndugu zake walimleta akidegedeka bila kupumzika. Timu ya usiku ilimtuliza kwa diazepamu, ikaizuia tramadoli, asubuhi akahamishiwa wodini, baada ya siku nne akaenda nyumbani. Alipona.

Tabibu aliyemwandikia alikuwa amepangwa kliniki nyingine wiki ile. Alikuja kujua baada ya miezi miwili, nilipomwambia mimi tukiwa tunahesabu dawa zilizokwisha muda. Aliweka kiganja mdomoni, akakaa hivyo.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Swali lile ndilo lililonifanya nianze kusoma kuhusu mrejesho. Neno lenyewe ni zuri kuliko tunavyolitumia kwenye semina: ni kurejesha kitu kwa mwenyewe. Sisi tunaandika dawa, mgonjwa anatoka mlangoni, na mara nyingi kilichompata huko aendako hakirudi kwa aliyeshika kalamu. Akipata nafuu hatuna habari. Akidegedeka, anajua wa zamu ya usiku. Akilia nyumbani hadi alfajiri kwa sababu hatukumpa chochote, wanajua majirani.

## Barua za San Diego

Katika kusoma nilikutana na habari ya San Diego, California. Wamarekani wanalo janga ambalo sisi, namshukuru Mungu, hatulijui kwa ukubwa ule: mwaka 2021 peke yake opioidi ziliua zaidi ya watu 80,000 kwao. Nyingi ya zinazoua leo ni za mitaani, lakini mizizi ya janga ilipita kwenye vyeti vya hospitali.

Watafiti waliwachukua watu 170 waliokufa kwa kuzidisha dawa katika kaunti ile, wakawatafuta wote waliowaandikia dawa za aina hiyo katika mwaka wa mwisho wa uhai wao. Wakapata madaktari na wahudumu 861. Kundi moja likapelekewa barua kutoka kwa mkuu wa uchunguzi wa vifo; kundi jingine halikupelekewa. Barua ilikuwa ya adabu: fulani, uliyewahi kumwandikia dawa, amefariki, na haya ni mambo yanayoweza kusaidia ukiandika kwa mwingine. Katika miezi mitatu iliyofuata waliopata barua walipunguza kiasi cha opioidi kwa asilimia 9.7 kuliko wale ambao hawakupata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science.

Nilisoma hilo nikasema, haya, dawa ya tatizo letu ndiyo hii. Nikaenda kuchora grafu.

Itazame tofauti, maana mimi sikuitazama. Barua ya San Diego ilikuwa na mtu ndani yake. Grafu yangu ilikuwa na miligramu.

Na kumbe kuna waliojaribu njia yangu kabla yangu. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, iliwapelekea barua waandishi wa dawa waliowazidi mno wenzao, ikiwaonyesha kwa takwimu jinsi walivyozidi. Utafiti wa kuipima hatua hiyo ulitoka mwaka 2016: hakuna mabadiliko yaliyoonekana. Niliusoma baada ya lile jambo la Jumanne. Ningeusoma kabla, sijui kama ningesikia.

## Maumivu hayana sifuri

Nataka niwe mwaminifu kwa upande wa pili, kwa sababu kumlinganisha daktari na wenzake kuna mahali panafanya kazi vizuri sana. Mwaka huohuo wa 2016 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la antibayotiki: madaktari walitumiwa ujumbe ukiwaambia kama wako miongoni mwa wanaofanya vizuri zaidi au la, na uandishi usiofaa kwa mafua na kikohozi cha kawaida ukashuka kutoka karibu asilimia 20 hadi chini ya asilimia 4.

Lakini kwa mafua ya virusi, jibu sahihi linajulikana. Ni sifuri. Ukimwona mwenzako kafika sifuri, unajua pa kuelekea.

Kwa maumivu, sifuri inaweza kuwa ukatili.

Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilitoa hesabu ya opioidi zilizosambazwa duniani kati ya 2010 na 2013, zikigeuzwa kuwa kipimo cha morfini: wastani wa tani 298.5 kwa mwaka. Nchi za kipato cha chini, na Tanzania wakati huo ilikuwa katika kundi hilo, zilipata zote kwa pamoja tani 0.1. Hiyo ni kilo 100. Mtu wa Njombe anajua uzito huo kwa mgongo wake: gunia moja la viazi, hata kabla ya lumbesa. Gunia moja la kugawana nchi zote maskini za dunia, kwa mwaka mzima, kwa saratani zote, ajali zote, na vifo vyote vya polepole.

Sasa rudi kwenye mstari wangu mwekundu. Wastani wa watu tisa, ambao wanne kati yao hawajawahi kuandika morfini tangu waajiriwe. Nilichukua ukimya wa wanne nikauita kipimo cha usahihi. Nikamwambia yule mmoja anayeandika: wewe umezidi.

Amezidi nini? Nguzo yake ilikuwa na wazee sita wa saratani ndani yake. Nguzo ya tabibu wetu ilikuwa fupi, chini kabisa ya mstari mwekundu, na ndani yake alikuwamo yule kijana wa mbao.

Grafu ile ilikuwa inamsifu aliyekosea na kumwonya aliyepatia.

## Chai na daktari

Nilipaswa kumtafuta daktari siku ileile jioni. Sikumtafuta. Jumatano nikasema ana raundi kubwa. Alhamisi nikasema bora nijipange maneno. Ukweli ni kwamba niliogopa, kwa sababu nilishaanza kuelewa. Tulikaa pamoja Jumatatu iliyofuata, kwenye kibanda cha chai nyuma ya jengo la wazazi, baridi ya Julai ikipenya kila pindo. Siku sita zimepita.

Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakoroga chai muda mrefu.

"Mdogo wangu," akasema, "ulinichora kama muuza unga."

Nikasema sikukusudia.

"Najua hukukusudia. Lakini karatasi haisemi umekusudia nini. Iko ukutani. Siku wakaja watu wa Mamlaka kukagua madawa, wakauliza C ni nani, nani atasimama aseme C anatibu saratani? Nimebakiza miaka minne nistaafu."

Nikamwambia kwamba sheria inaruhusu, kwamba morfini ya hospitali iliyoandikwa kitabuni haina kosa, kwamba kila mililita yake ina sahihi yangu. Alinisikiliza kwa upole.

"Sheria naijua. Nakwambia kilichonipata. Nilianza kuogopa kalamu yangu. Nikishika cheti cha yule mzee, naiona ile nguzo."

Sikuwa na la kusema. Alikuwa ananipa mrejesho, na ulikuwa na mtu ndani yake.

Nimesoma baadaye kwamba hata Marekani wenyewe walipita humo. Mwongozo wa kuandika opioidi uliotolewa mwaka 2016 na CDC, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, ulikuwa na nia njema. Mahali pengi ukageuzwa kuwa rungu, wagonjwa wa muda mrefu wakakatiwa dawa ghafla, wakateseka. Mwaka 2019 mamlaka yao ya dawa ilitoa onyo dhidi ya kukata ghafla, na mwaka 2022 mwongozo ukaandikwa upya. Ikiwa nchi iliyozama kwenye dawa hizi inaweza kumwumiza mtu kwa kuziogopa, sisi tulio na gunia moja tungepaswa kuwa waangalifu mara ngapi?

Daktari aliandika cheti palepale, juu ya goti. Nilimpigia simu yule dada. Kaka yake alikuja na basi la asubuhi kuchukua chupa.

Siku saba.

Grafu niliibandua usiku, peke yangu.

## "Tunamshukuru Mungu"

Kuna jambo nililikuta kwenye mafaili nilipoanza kuyasoma moja moja badala ya kuyajumlisha. Wagonjwa wetu hawana maumivu. Ukisoma tulivyoandika, wanaume wa huku hawaumwi kabisa. "Anaendelea vizuri." "Hana malalamiko."

Unamwuliza mzee wa Kibena au wa Kihehe aliyelelewa kwamba mwanaume halii: hujambo mzee? Sijambo. Hali? Nzuri. Maumivu? Tunamshukuru Mungu. Hadanganyi. Anajibu salamu kama inavyojibiwa salamu, nasi tunaliandika jibu la salamu kama matokeo ya uchunguzi. Na lugha yetu nayo inasaidia kuficha: "naumwa" ni kuwa mgonjwa, "naumwa" ni kuumia. Anayesema "naumwa tumbo" anaweza kuwa na kitu kidogo cha kupita au kitu kinachomtoa machozi, na tunaandika neno lilelile.

Aliyenifungua macho ni sista mmoja wa zamu za usiku, mama mtu mzima asiyependa vikao. Yeye hamwulizi mgonjwa kama anaumwa. Akipita saa kumi na mbili asubuhi anauliza: "Jana usiku ulilala?"

Na watu wanajibu. Nililala mpaka saa saba, kisha nikakaa. Sikulala, nilikuwa nahesabu malori. Mzee mmoja alimwambia anajua sasa basi la kwanza la Mbeya linapita saa ngapi na la pili saa ngapi. Kwenye faili lake siku hiyohiyo imeandikwa: hana malalamiko.

## Alhamisi

Tunachofanya sasa ni kidogo, na sina hakika nacho kwa asilimia zote. Kila Alhamisi baada ya kikao cha asubuhi tunabaki nusu saa, milango imefungwa, bila kuandika muhtasari wa kwenda kwa mtu yeyote. Wawili wawili. Kila mmoja anamletea mwenzake mafaili matano ya wagonjwa aliowaandikia dawa ya maumivu, au ambao alipaswa kuwaandikia hakuwaandikia. Mwenzake anayasoma, anauliza. Alilala? Ulijua kwa nini alianguka? Figo zake zikoje, maana morfini hujikusanya figo zikichoka? Ulimwandikia na dawa ya choo, maana tumbo halizoei morfini hata mtu akiitumia mwaka? Ana miaka mingapi, maana tramadoli si ya mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili? Anatumia dawa nyingine zisizopatana nayo, kama amitriptilini? Na swali la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa: baada ya hapo, nini kilimpata?

Kama hajui, tunampigia simu mgonjwa. Simu ya siku ya saba. Vocha tunachanga.

Tulikuwa tumesahau wauguzi kwenye mpango wa mwanzo, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu bila wao tungeendelea kupigana na kivuli. Wiki ya tatu daktari wa wodi ya wazazi alileta mafaili yake matano ya akina mama waliofanyiwa upasuaji. Kila mmoja kaandikiwa pethidini kila baada ya saa sita, siku ya kwanza. Kwenye karatasi, safi. Tukabishana kuhusu pethidini yenyewe, maana mabaki yake mwilini yanaweza kuleta degedege yakijikusanya na vitabu vinatuelekeza kwenye morfini. Tukabishana vizuri, kisomi, dakika ishirini.

Sista wa usiku akasema: "Lakini hawapewi."

Hawapewi vipi?

Ufunguo wa kabati la DDA, alituambia, unashikwa na mkuu wa wodi, na mkuu wa wodi anaondoka saa tisa na nusu alasiri. Anayetaka sindano ya usiku lazima mtu avuke barabara akamgongee nyumbani. Kwa hiyo mama anachomwa ile ya mchana, na nyingine zinabaki wino. Wauguzi huwapa diklofenaki na maneno mazuri.

Miaka yote nilikuwa nahesabu zilizotoka kabatini, daktari anahesabu alizoandika, na hakuna aliyehesabu zilizoingia kwenye mwili wa mama. Sasa ufunguo wa pili uko kwa msimamizi wa zamu ya usiku, kwa sahihi mbili kitabuni. Ilichukua siku mbili kubadilisha. Wenzetu wa Uganda tangu 2004 sheria yao inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini ya kunywa. Sisi tulikuwa hatujawaamini kwa ufunguo.

Bado kuna mengi yananisumbua. Tabibu wa mwaka wa pili kazini anawezaje kumwambia daktari mkubwa kwamba hapa umekosea? Tunamlea mtoto miaka ishirini asimkosoe mkubwa, kisha tunampa faili na nusu saa. Tumejaribu njia hii: mkubwa ndiye anayeanza, na anaanza na faili lake baya. Daktari wa wodi ya wanaume alikubali kuwa wa kwanza. Alileta faili la yule mzee wa umio, akasoma mwenyewe, kwa sauti, cheti cha panadoli na diklofenaki. Hakutaja grafu. Nikaitaja mimi.

Tena kuna hofu ya upande wa pili, na siyo ya kubuni. Wapo vijana wanaokuja dirishani wakitaja tramadoli kwa jina na kwa miligramu, macho yamechoka, wanaendesha usiku kucha. Wapo wanaozunguka kwa waandishi wa dawa watatu kwa wiki moja. Alhamisi moja mafaili mawili yaliyoletwa na waandishi wawili tofauti yalikuwa ya mgonjwa mmoja, na ndipo tulipogundua. Hatukumfukuza. Tulimwita, tukakaa naye, naye akasema hawezi kulala wala kufanya kazi bila hizo dawa. Hilo nalo linahitaji tiba, na sisi hapa hatuna ya kutosha.

Na kama inasaidia? Mapitio makubwa ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 140 ya ukaguzi na mrejesho, yakakuta kwamba kufuata tiba inayotakiwa huongezeka, kwa kadirio la katikati, kama pointi 4.3 za asilimia tu. Ni kidogo. Yalikuta pia kwamba mrejesho hufanya vizuri zaidi ukitoka kwa mwenzako au msimamizi wako, ukitolewa zaidi ya mara moja, kwa mdomo na kwa maandishi, ukiwa na lengo na hatua ya kufuata. Karatasi ya ukutani ilikosa karibu yote hayo.

Tabibu wa kijana wa mbao sasa anauliza kila aliyevunjika: ulianguka ukiwa unafanya nini? Wiki iliyopita alipata wa pili mwenye kifafa. Alinitumia ujumbe saa nne usiku kunieleza, na nilifurahi kuliko nilivyofurahia kitu chochote mwaka huu.

## Mililita 160

Nimebadilisha vitu vidogo humu ili asitambulike mtu. Daktari ameisoma kabla sijaiweka, akaniambia niache maneno yake kama alivyoyasema. Yule dada nimemsomea kwa simu.

Alirudi Ijumaa ya juma lililopita. Kanga nyeusi safari hii. Nilijua kabla hajafika dirishani.

"Pole sana, dada."

"Ahsante, dokta. Nimeleta iliyobaki. Mliniambia isibaki nyumbani."

Alikuwa amesafiri na chupa ile kutoka msibani, tanga limekwisha siku mbili zilizopita, ili airudishe. Nilipima mbele yake: mililita 160. Nikaandika kitabuni. Kumwaga dawa ya DDA kunahitaji shahidi, nikatuma mtu amwite daktari, na daktari akaja na koti lake, akampa mkono, akashika mkono ule muda.

Kisha akamwuliza, na nilimwona akijikaza kuuliza: "Mzee usiku alikuwa analala?"

Dada alifikiri. Hakujibu kama salamu.

"Wiki za mwisho alikuwa analala. Tulikuwa tunamwamsha kumpa uji." Akanyamaza kidogo. "Ile wiki moja ya katikati, hapana. Ile wiki tulikaa naye wote."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Alivuta kitabu cha DDA upande wake, akasoma mstari wote, akaweka sahihi.